Usalama wa mgonjwa mikononi mwa muuguzi: mambo ambayo mkazi wa Ramisi anapaswa kuyajua

Mtu huenda hospitali kutafuta nafuu. Lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba takriban mgonjwa 1 katika kila 10 hudhurika kutokana na huduma yenyewe anayopewa, na kwamba zaidi ya watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya huduma isiyo salama. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Kinachomdhuru mgonjwa hapo ni dawa iliyokosewa, kidonda kilichoingia vijidudu wodini, damu iliyovuja bila mtu kuipima, au barua ya rufaa iliyobaki mezani gari lilipoondoka.

Kuzuia mambo ya aina hii ndiko kunakoitwa usalama wa mgonjwa. Tangu mwaka 2019, mataifa wanachama wa WHO yametenga tarehe 17 Septemba kuwa siku ya kulikumbuka jambo hili kila mwaka. Maadhimisho hufanyika kwenye miji mikubwa, lakini jambo lenyewe ni la kila zahanati, pamoja na zile za Ramisi na vijiji vyake.

Makala haya yanaeleza namna muuguzi na wahudumu wenzake wanavyomlinda mgonjwa, mambo ambayo mgonjwa na jamaa zake wanaweza kuyatazamia na kuyauliza, na hatua za kuchukua mambo yakienda kombo. Sehemu kubwa ya usalama haitokani na mashine za bei ghali. Inatokana na vitendo vidogo vinavyorudiwa kila siku: kuuliza jina, kunawa mikono, kupima, kuandika, kukabidhi. Vitendo hivyo vinahitaji muda, vifaa, na mgonjwa asiyeogopa kuuliza.

Njia ya mgonjwa kutoka Ramisi

Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa kwa ngazi 6. Ngazi ya kwanza ni nyumbani na kijijini, anakofika mhudumu wa afya ya jamii. Ya pili ni zahanati, ya tatu ni kituo cha afya, ya nne ni hospitali ya kaunti ndogo, ya tano ni hospitali ya rufaa ya kaunti, na ya sita ni hospitali za taifa kama Kenyatta, Nairobi. Tangu Katiba ya 2010, hospitali na zahanati za kaunti ziko chini ya serikali ya kaunti, nasi huku tuko chini ya Kaunti ya Kwale. Serikali ya taifa imebaki na sera na hospitali kuu za rufaa.

Kwa mtu wa Ramisi, safari ya kawaida huanza zahanatini. Ikishindikana, huenda Msambweni kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti, kilomita chache kwa barabara ya Lunga Lunga kuelekea Ukunda. Msambweni ikishindwa, mgonjwa hupelekwa Hospitali Kuu ya Pwani mjini Mombasa, kwa kivuko cha Likoni au kupitia Dongo Kundu. Kwa aliyeko Kisiwa cha Funzi, safari hiyo huanza baharini, kwa chombo hadi Bodo, kabla ya kuishika barabara.

Kila mgonjwa anapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, pana nafasi ya jambo kupotea: jina, kipimo, dawa aliyokwisha kupewa. Kadiri safari ilivyo ndefu ndivyo nafasi hizo zinavyoongezeka. Ndiyo maana usalama wa mgonjwa ni suala zito zaidi kwa watu wa mbali kuliko kwa anayeishi mkabala na hospitali.

Kwa nini muuguzi

Daktari hupita wodini, huandika maagizo, kisha huenda kwa wagonjwa wengine. Muuguzi hubaki. Yeye ndiye anayempa mgonjwa dawa saa sita usiku, anayembadilishia dripu, anayemgeuza asiyejiweza ili asipate vidonda vya kulala, na anayekuwa wa kwanza kuona pumzi zimebadilika. Katika zahanati nyingi za mashambani muuguzi ndiye mkuu wa kituo pia: anapima, anatibu, anazalisha, anachanja, anatunza dawa na anaandika ripoti.

Kosa lililoanzia kwa mtu mwingine mara nyingi humfikia mgonjwa kupitia mkono wa muuguzi, na ndiye wa mwisho anayeweza kulikamata. Akiwa na muda wa kusoma faili mara mbili, kosa hilo huishia hapo. Akiwa peke yake na wodi nzima, hupita. Watafiti waliochunguza wodi za watoto wachanga katika hospitali za umma jijini Nairobi walikuta muuguzi mmoja akiangalia watoto zaidi ya 10 kwa wakati mmoja, na kazi nyingi zilizopaswa kufanywa zikiachwa. Hazikuachwa kwa uvivu. Ni hesabu ya mikono miwili na saa zilizopo.

Jina kwanza

Mapema mwaka 2018, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iligonga vichwa vya habari baada ya mgonjwa kupasuliwa kichwa ilhali hakuwa yeye aliyepaswa kupasuliwa. Wagonjwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo na alihitaji upasuaji. Mwenzake alikuwa na uvimbe ambao haukuhitaji kisu. Utambulisho wao ulichanganywa. Madaktari waligundua saa kadhaa baadaye, walipoitafuta damu iliyoganda wasiione. Daktari mpasuaji, wauguzi na mtaalamu wa nusukaputi walisimamishwa kazi, na nchi nzima ikajiuliza jambo kama hilo linawezekanaje.

Linawezekana kwa urahisi, na huku kwetu zaidi. Kuna Juma Hamisi na Hamisi Juma, kuna Fatuma Ali watatu katika wodi moja, na kuna kina mama wanaojulikana kwa majina ya watoto wao tu. Kanuni ni kumtambua mgonjwa kwa mambo mawili au zaidi: jina kamili pamoja na umri au nambari ya hospitali. Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Ukimuuliza mgonjwa mahututi, "Wewe ndiye Fatuma Ali?" huenda akaitikia ndiyo kwa kuchoka tu. Muuguzi makini huuliza, "Jina lako kamili ni nani?" kisha hulinganisha na faili. Ukiulizwa jina mara nne kwa siku, usione kero. Huko ndiko kulindwa.

Chumba cha upasuaji kina kinga ya ziada. Mwaka 2008 WHO ilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti katika vituo vitatu: kabla ya kulazwa usingizi, kabla ya kukatwa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Huyu ni nani? Tunapasua wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Pamba na vyuma vimehesabiwa vikatimia? Kazi ya kuhesabu ni ya muuguzi. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa hospitali ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, kutoka kwa wagonjwa zaidi ya 7,600, yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Chombo chenyewe kilikuwa karatasi moja, pamoja na ruhusa ya muuguzi kumwambia daktari, "Ngoja kwanza."

Dawa sahihi, kipimo sahihi

Wauguzi hufundishwa kuhakikisha mambo matano kabla ya kumpa mtu dawa: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, na saa ndiyo. Njia ni kama tembe ya kumeza, sindano ya msuli au ya mshipa. Dawa iliyo salama ndani ya msuli inaweza kuua ikiingizwa mshipani. Kwa watoto, kipimo huhesabiwa kwa uzito, kwa hiyo mtoto asiyepimwa hawezi kupewa kipimo cha uhakika. Mtoto wako akiandikiwa dawa bila kupandishwa kwenye mizani, una haki ya kuomba apimwe.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Mweleze muuguzi dawa zote unazotumia, pamoja na zile za dukani na za miti shamba. Usione haya. Anayekutibu hawezi kukukinga na mgongano wa dawa asiyojua kuwa umeitumia. Sema kama kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha au kukuwasha. Usigawane na jirani tembe zilizobaki, na usiache dozi ya antibiotiki katikati kwa kuwa umepata nafuu.

Maswali matatu yanatosha kabla hujaondoka dirishani: "Sista, dawa hii ni ya nini? Naimeza vipi na kwa siku ngapi? Nikiona nini nirudi?" Usipoelewa, uliza tena. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, matibabu yaliyopo, faida na hatari zake na gharama zake, tena kwa lugha anayoielewa kila inapowezekana. Ramisi ina Wadigo, Washirazi, Wakamba, Wamakonde na wengineo. Muuguzi aliyeletwa kutoka bara huenda asijue Kidigo, na bibi mzee huenda asimudu Kiswahili cha hospitali. Mjukuu anayetafsiri anafanya kazi ya usalama. Atafsiri alivyosema bibi, asimjibie.

Mikono safi

Vijidudu vingi vya hospitali husafiri kwa mikono. WHO imetaja nyakati tano za mhudumu kunawa au kujipaka sanitaiza: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi mkubwa kama kuchoma sindano au kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, kama kitanda na shuka. Glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Glavu iliyomgusa mgonjwa wa kwanza ikimgusa wa pili ni sawa na mkono mchafu.

Hapa ndipo maji yanapoingia. Muuguzi hawezi kunawa kwenye bomba kavu. Zahanati isiyo na tangi wala sabuni haina usalama, hata ikiwa na wauguzi hodari. Jamaa wa mgonjwa nao wanawe kabla ya kumbeba mtoto mchanga au kugusa kidonda. Penye sindano ya plastiki ya dripu pakivimba, pakiwa pekundu au pakiuma, mwite muuguzi mara moja, usingoje zamu ya asubuhi.

Damu baada ya kujifungua

Kuvuja damu ndiko kunakoongoza kwa kuua kina mama wakati wa uzazi duniani. Mama anaweza kuwa mzima, ameshampakata mwanawe, na saa moja baadaye akawa hana fahamu. Kwa miaka mingi wakunga wamekadiria damu kwa macho, na macho hudanganya. Shuka hunywa, sakafu huficha.

Utafiti mkubwa uliofanywa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, unaojulikana kwa jina la E-MOTIVE, ulijaribu njia nyepesi. Chini ya mama hutandikwa plastiki yenye mfuko wa alama za kipimo, ili damu ionekane kwa mililita. Ikifika kiwango cha hatari, muuguzi mkunga haanzi kutafuta ruhusa ya hatua moja moja. Hufanya yote kwa pamoja: husugua tumbo ili mji wa uzazi ukaze, huchoma dawa ya kuukaza, hutoa dawa ya kuzuia damu, huweka maji ya mshipa, huchunguza panapotoka damu, na huita msaada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 kutoka kwa kina mama zaidi ya 200,000. Uvujaji mkubwa wa damu, upasuaji wa kuuzuia na vifo vilivyotokana nao vilipungua kwa asilimia 60. Hospitali zilizotumia njia hiyo zilitambua visa 93 katika kila 100, na zilizobaki na njia ya zamani zilitambua takriban nusu tu.

Kuna funzo la pili. Oksitosini, dawa inayotumika zaidi kuukaza mji wa uzazi, hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kwa joto la pwani yetu, friji ikizimika kwa kukosa umeme, dawa hupoteza nguvu na chupa isionyeshe dalili. Muuguzi atachoma, damu isikome, naye hatajua sababu. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama zahanati yao ina friji inayofanya kazi na umeme wa akiba anauliza kuhusu uhai wa mkewe.

Mama anayekaribia kujifungua na jamaa zake wakae na mipango hii: usafiri uliopatanwa mapema, nambari ya simu ya dereva na ya kituo, kijitabu cha mama na mtoto, na mtu wa kufuatana naye. Dalili zisizosubiri asubuhi ni damu nyingi, maumivu makali ya kichwa, kuona kiza, kifafa, homa, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Kwa mtoto mchanga ni kukataa kunyonya, kupumua mbio, kushtuka kwa degedege, mwili kuwa wa moto au wa baridi, na kulegea.

Si kila homa ni malaria

Watu wa pwani tumezoea kuita kila homa malaria, na kwa muda mrefu hata hospitali zilitibu hivyo. Tangu mwaka 2010 WHO inataka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na wenzao Wakenya wamefuatilia watoto wenye homa Msambweni na Ukunda kwa miaka kadhaa, wakakuta dengue na chikungunya, magonjwa ya mbu ambayo dawa ya malaria haiyagusi. Mombasa imewahi kupata milipuko ya magonjwa yote mawili.

Kuna hatari pande mbili. Mtoto mwenye malaria akikosa kupimwa, anaweza kupelekwa pasipo dawa hadi hali ikawa mbaya. Mwenye dengue akitibiwa malaria, ugonjwa wenyewe haufuatiliwi, na huenda nyumbani akapewa aspirini au ibuprofeni, dawa zinazoongeza hatari ya kuvuja damu. WHO inashauri parasetamoli kwa homa ya dengue. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna, usishindane na muuguzi akupe dawa "kwa tahadhari". Muulize kinachofuata, na dalili za kukurudisha: kutapika mfululizo, maumivu makali ya tumbo, damu ya fizi au pua, na unyonge mkubwa.

Kukabidhi zamu, kukabidhi mgonjwa

Wakati wa kubadilisha zamu ni wakati wa hatari. Muuguzi wa usiku anajua mama wa kitanda cha tatu alitapika dawa. Wa asubuhi hajui. Kituo chenye utaratibu mzuri hukabidhiana kando ya kitanda, faili mkononi, mgonjwa akisikia. Akisahau mmoja, mgonjwa mwenyewe hukumbusha.

Kwenye rufaa ni vivyo hivyo. Kabla ya ambulensi kuondoka, pawe na mambo manne: kituo kinachopeleka kimepiga simu kule kinakopeleka, barua imeandikwa vipimo na dawa zilizotolewa pamoja na saa zake, mgonjwa ametulizwa kadiri inavyowezekana, damu imezuiwa, dripu imewekwa, na mhudumu anafuatana naye. Jamaa waulize, "Barua iko wapi? Wamepigiwa simu?" Anayepelekwa kwa bodaboda au tuktuk kwa kukosa gari abebe barua hiyo mwenyewe. Katiba, katika ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Mahututi hatakiwi kuzuiwa mlangoni kwa sababu ya malipo.

Heshima na stara

Huduma njema si dawa peke yake. Mwanamke aliyefokewa chumba cha kujifungulia, au aliyefunuliwa mbele ya wapita njia kwa kuwa pazia halipo, hatarudi, na atawasimulia dada zake. Ujauzito utakaofuata atabaki nyumbani, na damu ikianza, hapatakuwa na wa kuipima. Kwa njia hiyo, neno baya la leo linaweza kuwa kifo cha mwaka kesho.

Nchini kwa jumla, kina mama wanaojifungulia katika vituo vya afya waliongezeka kutoka asilimia 61 mwaka 2014 hadi 82 mwaka 2022, kwa mujibu wa takwimu za kitaifa za afya ya jamii. Imani hiyo imejengwa kwa miaka, na yaweza kubomolewa kwa siku moja. Pazia, shuka safi, kugonga mlango, kuomba ruhusa kabla ya kugusa, kumwita mzee "mama" au "bi mkubwa" badala ya "wewe": hayo yote ni sehemu ya kazi ya uuguzi. Hati ya Haki za Wagonjwa ya Kenya ya 2013 inataja heshima na faragha miongoni mwa haki. Hati hiyohiyo inamtaka mgonjwa naye awaheshimu wanaomhudumia.

Kosa likitokea

Makosa hutokea hata penye watu wema. Swali ni yatafanyiwa nini. Kituo kinachomtafuta mtu wa kumfukuza tu hufundisha wengine kuficha. Kituo kinachoandika kila kisa, hata kile kilichokamatwa kabla ya kudhuru, na kujiuliza kwa nini kiliwezekana, huziba ufa. Je, chupa mbili za dawa tofauti zinafanana na zimewekwa rafu moja? Je, muuguzi alikuwa saa ya ngapi kazini? Uzembe wa makusudi una adhabu yake, lakini makosa mengi hutokana na mpangilio mbovu wa kazi.

Mgonjwa au jamaa mwenye malalamiko ana njia. Sheria ya Afya ya 2017 inampa haki ya kulalamika na malalamiko kuchunguzwa. Anza na muuguzi msimamizi au mkuu wa kituo, siku hiyohiyo ikiwezekana. Andika tarehe, saa, wodi na yaliyotokea. Taja uliyoyaona na utenganishe na uliyoyasikia. Usiporidhika, nenda kwa kamati ya kituo, kisha idara ya afya ya kaunti. Kwa mwenendo wa muuguzi liko Baraza la Wauguzi la Kenya. Kwa daktari na kwa hospitali liko Baraza la Madaktari, KMPDC. Kwa afisa wa kliniki liko Baraza la Maafisa wa Kliniki. Kila muuguzi anapaswa kuwa na leseni ya Baraza. Katika zahanati za kibinafsi unaweza kuomba kuiona, na mwenye leseni halali hana sababu ya kukasirika.

Kuanika picha ya muuguzi mitandaoni kabla ya yote hayo hakumrudishii mgonjwa haki, na huenda kukavunja siri ya mgonjwa mwenyewe.

Muuguzi naye alindwe

Mwaka 2020 WHO iliiweka siku ya usalama wa mgonjwa chini ya kaulimbiu ya usalama wa wahudumu wa afya, kwa kuwa mambo hayo hayatengani. Muuguzi aliyechomwa na sindano iliyotumika, asiye na glavu, asiyelipwa kwa wakati, aliyekesha peke yake, hawezi kuwa makini kama anavyotakiwa. Kenya imeonja gharama yake. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Ule wa wauguzi mwaka 2017 ulianza Juni na kwisha mwanzoni mwa Novemba. Walioumia zaidi ni wasio na fedha za hospitali ya kibinafsi.

Wauguzi wengi pia huvuka ng'ambo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wauguzi Wakenya kufanya kazi huko. Huwezi kumlaumu anayetafuta riziki. Lakini Msambweni ina kampasi ya Chuo cha Mafunzo ya Tiba, KMTC, na ni haki ya wazazi wa Kwale kuuliza ni wangapi wanaohitimu wanaoajiriwa, na wangapi wanaopangwa zahanati za mbali zenye nyumba ya kulala, maji na taa.

Nafasi ya jamii

Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, wakiwa na mikoba ya vifaa vya kupima shinikizo la damu, sukari, joto na uzito. Mfungulie mlango anapobisha. Ndiye anayeweza kugundua shinikizo la mjamzito kabla ya kifafa. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kwa kuwa huduma za zahanati na vituo vya afya vya umma hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi kwa waliojisajili.

Kisha kuna bajeti. Kaunti hutakiwa kisheria kuwashirikisha wananchi kabla ya kupitisha matumizi. Mikutano hiyo mara nyingi hujaa maombi ya majengo mapya. Jengo hupigwa picha, muuguzi wa zamu ya usiku hapigwi. Watu wa Ramisi wakienda mkutanoni, waulize kwa majina ya zahanati zao: wauguzi ni wangapi, na usiku yupo nani? Friji ya dawa inafanya kazi? Maji yapo kila siku? Ambulensi ina mafuta? Chumba cha kujifungulia kina plastiki ya kupimia damu na pazia? Kamati ya kituo ilikutana lini, na hesabu zake ziko wapi?

Kila swali katika hayo lina jibu linaloweza kuhakikishwa kwa macho. Yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano pamoja na majibu yaliyotolewa, kisha yaulizwe tena mwaka unaofuata.